Diski Yenye Leza Ndani: Venye Data Yako Inachomwa kwa Digrii 450 Ndio Isipotee

Kama ulikuwa mtaani enzi za duka za muvi, unajua rada. Unaingia na flashi yako, unachagua, unalipa mbao kwa kila muvi, unahepa. Mimi nilikuwa yule msee wa upande wa pili wa kaunta. Nilikuwa nimetoka chuo kabla ya kumaliza, msoto umeniweza, na jamaa mmoja akaniachia kibanda chake cha mabati nimshikie.

Duka lote lilikuwa diski moja ya nje ya terabaiti 2. Ilikaa juu ya amplifaya, kwa sababu hapo ndio waya ilifika. Saa nane mchana mabati inachoma kutoka juu, amplifaya inachoma kutoka chini, diski iko katikati kama mshikaki. Siku moja ikaanza kulia tik, tik, tik, halafu ikanyamaza. Muvi hazikuwa hoja, hizo tulizitafuta tena. Lakini mama wa mboga wa hapo karibu alikuwa ametuletea video ya mazishi ya babake tumwekee, halafu akafuta kadi ya simu yake ndio apate nafasi. Alijua iko salama kwetu. Hiyo haikurudi, na mimi ndio nilitumwa nimwambie.

Kwa hivyo mimi nilikuwa nimeshaamua: joto na diski ni maadui, mambo yakaisha. Sasa imagini venye nilishtuka kujua kwamba baadhi ya diski mpya za kuzunguka, zile kubwa kubwa za terabaiti 30 na zaidi, ziko na leza ndani. Na kila zikiandika data, hiyo leza inachoma sahani hadi karibu digrii 450 za Selsiasi. Makusudi! Mafuta ya kukaanga chipo hucheza kwa kama 180 hivi. Hii ni zaidi ya mara mbili ya chipo, ndani ya kitu kinabeba picha za watu.

Na bado data haipotei. Kaa hapo kwanza nikueleze ni aje.

Data hukaa wapi hasa?

Fungua diski ya kuzunguka (usifungue yako, itadedi) utapata sahani zinang'aa kama kioo. Juu ya kila sahani kuna tabaka jembamba la sumaku, na hilo tabaka limegawanyika kwa punje ndogo ndogo sana. Kikundi cha punje zikielekeza sumaku upande mmoja, hiyo ni 1. Zikielekea upande mwingine, ni 0. Picha yako ya Insta, wimbo wa Gengetone, taarifa za M-Pesa, zote mwishowe ni msururu wa punje zimeambiwa zielekee wapi.

Kazi ya kuziambia inafanywa na kichwa kidogo kinachopaa juu ya sahani. Sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje unaenda mbio kama kilomita 125 kwa saa hivi, na mathree kisheria haifai kupita 80. Kati ya kichwa na sahani kuna nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wako mmoja una upana wa kama nanomita 80,000. Yaani hapo hata moshi hauingii.

Diski ya kwanza ya aina hii IBM waliitoa mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, kubwa kama kabati, na ilibeba kama megabaiti 5. Siku hizi hiyo ni picha moja au mbili za simu. Tangu hapo mchezo umekuwa mmoja: kufanya punje ziwe ndogo zaidi ndio nyingi zaidi zitoshee.

Punje ikiwa ndogo sana, inasahau

Hapa ndio joto linaingia mara ya kwanza, na linaingia kama adui.

Kila kitu chenye joto kinatikisika ndani, hata wewe hapo umekaa. Punje kubwa ya sumaku haishtuki na hiyo mitikisiko. Lakini ukiipunguza hadi nanomita chache, joto la kawaida tu la chumba linatosha kuipindua. Ilikuwa 1, asubuhi unaipata 0. Hakuna mtu ameigusa, imesahau tu. Wataalamu waliona huu ukuta unakuja miaka mingi kabla ya diski kuufikia.

Dawa moja iko: tumia sumaku ngumu zaidi, yenye kichwa ngumu, haipinduki ovyo. Walichagua mchanganyiko wa chuma na platini. Punje ya hiyo kitu inaweza kuwa na upana wa nanomita 7 au 8 na bado ishikilie msimamo wake miaka na miaka.

Lakini sasa shida imehamia nyumba ya pili. Sumaku imekuwa na kichwa ngumu hadi kichwa cha kuandikia hakiiwezi. Unaiambia elekea huku, inakucheki tu. Umepata daftari lisilofutika, lakini pia haliandikiki.

Na huwezi kushinda pande zote. Ukitaka punje ndogo, lazima ziwe ngumu ndio zisisahau. Zikiwa ngumu, haziandikiki. Ukizilainisha ziandikike, inabidi uzikuze ndio zikumbuke, na hapo umepoteza nafasi yenye ulikuwa unatafuta.

Enda Kamukunji ujibiwe

Jibu liko pale Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Fundi akitaka kupinda nondo nene, hapigani nayo ikiwa baridi. Anaiweka motoni hadi iwe nyekundu, anaigonga nyundo ikiwa laini, halafu anaitumbukiza kwa maji. Ikishapoa, imeshika hilo umbo na haitoki.

Diski mpya inafanya hivyo hivyo. Leza inachoma kadoa kadogo ka sahani. Kwa hiyo sekunde ndogo, ile sumaku ngumu inakuwa laini. Kichwa kinaigonga kwa uga wake wa sumaku: elekea huku. Halafu inapoa papo hapo na kushika huo msimamo. Teknolojia yenyewe inaitwa HAMR, na kwa bahati nzuri ukiitamka kwa Kizungu inasikika kama nyundo.

Kwa nini 450? Kila sumaku ina kiwango cha joto ambapo inapoteza usumaku wake kabisa. Kinaitwa nukta ya Curie, kwa jina la Mfaransa Pierre Curie aliyechunguza haya mambo mwishoni mwa karne ya 19. Chuma peke yake hufika huko kwa digrii 770. Ule mchanganyiko wa chuma na platini hufika kwa kama 450. Kwa hivyo leza inausukuma hadi karibu na hiyo mipaka, kichwa kinaandika, joto linaondoka.

Na hiyo yote, kuchoma, kugonga na kupoza, inaisha kwa kama nanosekunde moja au mbili. Nanosekunde ni nini? Chukua rula ya shule, ile ya sentimita 30. Mwanga, kitu chenye mbio kuliko vyote, ukivuka hiyo rula kutoka sifuri hadi 30, nanosekunde moja imeisha. Hiyo ndio muda fundi wetu amepewa.

Kuwasha moto ni rahisi, kuuelekeza ndio kazi

Shida ya kwanza: mwanga wa leza ni mnene. Hata utumie lenzi gani, mwanga wa aina hii hauwezi kubanwa ukawa mdogo chini ya kama nanomita 400. Lakini doa linalohitajika ni la chini ya nanomita 50. Ukichoma na mwanga peke yake utakuwa unachoma data ya majirani wote, kama mtu anawasha mshumaa kwa kutumia tochi ya kuchomelea mageti.

Kwa hivyo mwanga unapelekwa kwa antena ndogo sana iliyotengenezwa kwa dhahabu au mchanganyiko wake. Mwanga ukigonga dhahabu, elektroni za juu juu zinaanza kucheza pamoja kama mawimbi, na hayo mawimbi yanaweza kukusanywa kwenye ncha ndogo kuliko mwanga wenyewe. Ncha ikiwa karibu kabisa na sahani, nguvu inaruka na kuchoma hapo chini tu.

Shida ya pili: hiyo antena pia inapata joto. Utaniambia dhahabu huyeyuka kwa digrii 1,064, sasa wasiwasi wa nini? Wasiwasi ni kwamba kipande kidogo hivyo hakingoji kuyeyuka. Atomi zake zinaanza kutembea mapema sana. Ncha iliyokuwa kali inaviringika polepole kama penseli imetumika, doa linapanuka, na diski inaanza kuandika vibaya. Na diski inatarajiwa kufanya kazi kwa miaka. Hii antena ilikuwa moja ya sababu kubwa HAMR ilichelewa. Wahandisi walibadilisha umbo lake, wakachanganya madini mengine magumu zaidi, na kuizungushia vitu vya kunyonya joto na kulitoa haraka.

Kufukuza joto, hapo ndio kuna noma

Sahani nayo iko na kesi yake. Joto likishaingia linataka kusambaa. Likienda chini, fiti. Likienda kando, linafika kwa mstari wa jirani, na jirani alikuwa na data yake ametulia. Ukiandika mstari mmoja mara nyingi, jirani anachomwa kidogo kidogo hadi anasahau.

Ndio maana chini ya tabaka la sumaku wameweka tabaka lingine la chuma lenye kazi moja: kuvuta joto kuelekea chini, mbio. Na likipoa haraka, mpaka wa 1 na 0 unakuwa safi. Likipoa polepole, kuna dakika punje iko laini bado na hakuna mtu anaiambia ielekee wapi, kwa hivyo inaangukia popote.

Utasema basi wavute joto kwa nguvu zote. Zii. Fikiria unajaza ndoo iliyotoboka. Tobo likiwa kubwa sana, inabidi ufungue mfereji zaidi ndio ijae. Hapa mfereji ni leza. Joto likitoroka haraka kupita kiasi, leza inabidi ichapwe nguvu zaidi kufika zile 450, na antena ndio inaumia. Likitoroka polepole, jirani ndio anaumia. Kwa hivyo kati ya sumaku na tabaka la kuvuta joto huwa kuna tabaka jembamba la magnesiamu oksidi, ambalo kati ya kazi zake ni kuzuia joto kidogo. Unene wa kila tabaka ni maelewano. Ukimfurahisha mmoja, mwingine ananuna.

Kuna wengine watatu wa kuchungwa:

Mafuta. Juu ya sahani kuna tabaka la kaboni ngumu la kulinda, na juu yake mafuta membamba sana ya kulainisha. Sasa unayachoma mara mamilioni. Yanaweza kuvukiza au kuharibika, na uchafu wake unashika kwenye kichwa kama masizi chini ya sufuria. Kwa hivyo mafuta ya zamani hayatoshi, lazima yawe ya kuvumilia.

Kichwa chenyewe. Kitu chochote kikipata joto kinavimba. Leza ikiwaka, ncha ya kichwa inavimba kuelekea chini kwa sehemu ya nanomita hadi nanomita nzima hivi. Kwako hiyo si kitu, lakini nafasi yote ilikuwa nanomita chache. Kikivimba bila mpango, kinagonga sahani, na mchezo umeisha. Cha kushangaza, dawa yake pia ni joto: kichwa kina kahita kadogo ndani, kanaongezwa au kupunguzwa moto ndio urefu wa kupaa ubaki pale pale. Moto unasawazishwa kwa moto.

Leza. Hata yenyewe ikipata joto inabadilika tabia. Inatoa mwanga kidogo kwa umeme ule ule, na saa zingine rangi ya mwanga wake inaruka ghafla kwa sababu ya joto kubadilika kidogo tu, na nguvu inaruka nayo. Nguvu ikiruka, doa linapanuka au kusinyaa. Kwa hivyo kuna programu ndani ya diski inayochunga leza kila wakati, ikiongeza hapa na kupunguza pale.

Na ile sahani pia ilibidi ibadilishwe. Diski nyingi kubwa za zamani zilitumia sahani za aluminiamu. Lakini kupaka tabaka la chuma na platini vizuri kunahitaji joto la mamia ya digrii kiwandani, na aluminiamu haivumilii hiyo. Kwa hivyo sahani za HAMR ni za kioo.

Kwani diski yote inakuwa jiko?

Hapana, na hii ndio sehemu ilinibamba zaidi. Ukishika diski ya HAMR ikifanya kazi, haitakuunguza. Doa la digrii 450 ni dogo sana na linaisha upesi sana, kiasi kwamba joto lote likijumlishwa ni kidogo. Leza yenyewe haiwaki wakati wa kusoma, ni wakati wa kuandika tu. Joto kubwa la diski bado linatoka kwa vitu vya kawaida: mota inayozungusha sahani na vifaa vya elektroniki.

Hilo nalo lina dawa yake. Diski hizi hujazwa gesi ya heliamu na kuzibwa kabisa. Heliamu ni nyepesi, kwa hivyo sahani hazipigani na upepo na mota haitumii nguvu nyingi, na pia inabeba joto kuliko hewa ya kawaida. Halafu kwenye vituo vya data kuna feni na mitambo ya kupoza usiku na mchana, kwa sababu mwili wa diski haufai kupita digrii 60 hivi.

Soma hiyo tena. Ndani, kwa doa, 450 ni sawa. Kwa mwili mzima, 60 ndio mwisho. Joto ni lile lile. Tofauti ni limekaa wapi na kwa muda gani.

Haikuja kwa siku moja

Seagate, kampuni ya Marekani, walionyesha mwezi wa 3 mwaka wa 2012 kwamba HAMR inaweza kubana biti trilioni moja kwa inchi moja ya mraba. Watu wakajua diski ziko karibu. Zikakawia mwaka baada ya mwaka, hadi watu wengine wakaanza kucheka. Toshiba wakapitia njia nyingine mwaka wa 2021, wakisaidia kuandika kwa mawimbi ya maikrowevu badala ya leza. Mwezi wa 1 mwaka wa 2024 ndio Seagate walitangaza Mozaic 3+, diski za terabaiti 30 na zaidi: sahani 10, kila moja ikibeba terabaiti 3 au zaidi. Miaka 12 tangu ile ya 2012, na sehemu kubwa ya hiyo kazi haikuwa kuwasha moto. Ilikuwa kuudhibiti.

Terabaiti 30 ni nini mtaani? Muvi ya jigabaiti moja na nusu, unatosha 20,000. Ukiuza kila moja mbao, hiyo ni shilingi 400,000 kwa diski moja. Ukikaa uzitazame zote bila kulala, masaa mawili kila moja, utamaliza baada ya miaka minne na nusu.

Sasa inakuhusu aje?

Unasema picha zako ziko "hewani". Hakuna kitu kinakaa hewani. Ziko kwa jumba fulani, na sehemu kubwa ya data ya dunia huko bado iko kwa diski za kuzunguka, kwa sababu kwa kila terabaiti bado ni bei rahisi kuliko zile zisizozunguka. Ukitupa video kwa simu leo, kuna uwezekano itaishia kwa sahani inayozunguka, labda hata iliyochomwa kwa leza.

Lakini ile diski yako ya nje, na ile laptopu uliokota Luthuli, hazina wahandisi wa kuzichunga. Uko peke yako. Kwa hivyo usiweke laptopu juu ya blanketi ikiwa inafanya kazi, inaziba matundu ya kupumulia. Usiache diski ndani ya gari limepigwa na jua, wala juu ya dekoda, wala juu ya amplifaya. Ikianza kulia tik tik, usiizime na kuiwasha ukiomba Mungu. Izime, ipeleke kwa mtu anayejua.

Na kitu kikiwa hakiwezi kurudi, weka nakala mbili, mahali pawili. Hata wale wenye diski za digrii 450 hawaamini diski moja. Data yao huwekwa kwa diski kadhaa ndio moja ikidedi, maisha iendelee.

Yule mama wa mboga bado yuko pale pale. Nikipita hunisalimia vizuri, hajawahi kunikumbusha. Mwaka jana mjukuu wake alizaliwa, akanitumia video kwa simu na neno moja: "Niwekee." Nimeiweka mahali patatu, na hakuna hata pamoja pako karibu na amplifaya.